Rejeta za ghorofani zinachelewa kupata joto, nyumba ya Karen. Ni pampu kweli?

Kitinda_Mimba_Karen

Wadau, naomba msaada kwa yeyote anayeelewa mifumo ya kupasha nyumba joto kwa maji. Najua hapa Nairobi ni kitu adimu, ndiyo maana nimekwama.

Wazazi wangu wamehamia nyumba ya zamani huku Karen, ya mawe, dari iko juu, madirisha ya chuma. Aliyeijenga aliweka boila ya dizeli kwenye stoo nyuma ya jikoni na rejeta tisa za chuma ukutani, tano chini na nne juu. Miezi mingi ya mwaka hakuna anayezikumbuka. Lakini Julai hii asubuhi zinashuka hadi nyuzi 11, mama anaumwa viungo, na sasa tunazihitaji.

Boila inawaka bila shida. Joto ndilo halifiki. Rejeta ya sebuleni, iliyo karibu na stoo, ndani ya robo saa huwezi kuishika kwa mkono. Ya chumba cha kulia vilevile. Ya chumba cha mama, mwisho wa korido ghorofani, saa mbili baadaye ni vuguvugu tu, tena kwa chini. Juu ni baridi kabisa. Ya chumba anachosomea mzee ni kinyume chake: juu na pembeni moto, chini katikati baridi. Ya chumba cha wageni haijawahi kupata joto hata kidogo. Na asubuhi tukiwasha, tunasikia maji yakichuruzika ndani ya mabomba.

Nilifungua kile kiskrubu cha juu kwenye rejeta ya mama, hewa ikatoka muda mrefu, kisha rejeta ikapata joto vizuri. Wiki haikuisha, ikarudi palepale. Fundi aliyekuja anasema pampu imechoka, ninunue mpya, na ikiwezekana yenye nguvu zaidi. Bei aliyonitajia imenifanya nije kuuliza hapa kwanza. Dizeli nayo inaisha huku nyumba bado baridi.

Jirani_wa_Lenana

Pole sana ndugu. Kusema kweli nimeishi Nairobi maisha yangu yote na sijawahi kuona rejeta kwenye ukuta wa nyumba. Si mngewasha tu kuni pale sebuleni? Au hita ya stima kwa chumba cha mama peke yake?

Kitinda_Mimba_Karen

Hita ya stima tunayo, ndiyo inayomlaza mama kwa sasa. Lakini bili ya tokeni imeanza kutisha, na mzee hataki kusikia habari ya kuziacha rejeta zikae bure ukutani.

Fundi_wa_Dagoretti

Kijana, pampu usinunue bado.

Mimi ni fundi wa mabomba tangu enzi za bomba la chuma na katani, kabla haya mabomba ya plastiki ya kijani, PPR, hayajazagaa. Kazi yangu kubwa imekuwa mahotelini, lakini nimeshughulikia pia nyumba chache za aina hiyo, huko Karen, Muthaiga, na kule Tigoni kwenye majani chai ambako baridi haina utani. Na pampu nyingi nilizokuta zimetupwa nyuma ya nyumba zilikuwa nzima.

Hebu tufikirie pamoja. Ungekuwa na pampu iliyokufa, hata sebuleni pangechelewa. Wewe unasema robo saa tu na haishikiki. Maana yake maji yanasukumwa, tena vizuri. Kinachotakiwa kujulikana ni kwa nini hayaendi mbali. Kabla hujashika spana, shika rejeta. Weka kiganja juu, chini, kushoto, kulia, na kwenye yale mabomba mawili yanayoingia na kutoka. Hicho ulichotuandikia tayari ni nusu ya kazi, kwa sababu una shida tatu tofauti ambazo fundi wako amezifunga kwenye gunia moja.

Ya mama, moto chini na baridi juu: hiyo ina hewa. Hewa hukaa juu, maji hupita chini yake, nusu ya chuma haifanyi kazi. Ya mzee, moto juu na pembeni lakini baridi chini katikati: hiyo ina matope. Ni kutu ya rejeta zenyewe, nyeusi, laini, nzito, inayotuama pale mkondo wa maji ulipo dhaifu. Kutoa hewa kwenye rejeta hiyo ni kujichosha. Ya wageni, baridi mwili mzima: anza na koki zake. Kama upande mmoja ina kichwa cha themostati (kidhibiti joto) chenye namba, kifungue ukitoe. Chini yake kuna kipini kidogo cha chuma. Kibonyeze kwa kitu bapa. Kinatakiwa kuzama milimita chache na kurudi chenyewe. Rejeta ikikaa miezi mingi imefungwa, kipini hiki huganda kikiwa chini, hata ukizungusha kichwa hadi namba ya mwisho hakuna kitu. Gonga ubavu wa koki taratibu kwa mpini wa bisibisi, weka tone la mafuta ya silikoni, kibonyeze tena na tena mpaka kilegee. Usikivute kwa plaiz, kikitoka utaogeshwa na maji meusi.

Sasa jambo ambalo mimi lingeninyima usingizi. Kuwa na hewa si ajabu. Hewa kurudi kabla wiki haijaisha, hapo kuna mlango. Mfumo huo hauchoti maji mapya kila siku kama bafu. Ni maji yaleyale yanazunguka miaka na miaka, na yakishatulia yanatakiwa kuwa karibu hayana hewa. Kwa hiyo panda darini. Utakuta tangi dogo, mbali na tangi kubwa la maji ya nyumba. Kazi yake ni mbili: kuongeza maji yakipungua, na kuyapokea yanapopanuka kwa moto. Juu yake kuna bomba lililopinda kama fimbo ya mzee, mdomo ukiangalia ndani ya tangi. Hilo ni la usalama. Mtu asije akaliwekea koki wala kuliziba, hata akikuambia linapoteza joto.

Angalia mambo haya. Kwanza, tangi hilo dogo lina maji? Nyumba nyingi za Nairobi tangi hili hujazwa kutoka kwenye tangi la juu, na tangi la juu hutegemea ratiba ya mgao. Maji yakikatika siku mbili tatu, boya likakwama kwa sababu halijasogea miaka, tangi dogo hukauka na hakuna anayejua, maana maji ya kuoga yanaendelea kutoka. Pili, mtu mmoja awashe boila na pampu huku wewe ukiwa darini na tochi. Kama lile bomba lililopinda linamwaga maji ya moto ndani ya tangi, au maji ya tangi yenyewe ni vuguvugu, basi pampu inarusha maji hewani na kuyarudisha yakiwa yamejaa oksijeni. Na hapo ndipo pampu kubwa ya yule fundi ingekumaliza, kwa sababu ingerusha zaidi.

Tatu, fanya kipimo cha karatasi. Pampu ikiwa inazunguka, weka kipande cha karatasi ya chooni kilicholowa kwenye tundu la hewa la rejeta ya mama na ulegeze skrubu kidogo sana. Karatasi ikisukumwa nje, sawa. Ikinyonywa ndani, funga haraka: rejeta inavuta hewa badala ya kuitoa, na hiyo huwa dalili ya tangi kukauka au bomba la kushushia maji kuziba kwa matope pale linapoungana na mfumo.

Wakati wa kutoa hewa yenyewe, zima pampu, acha ipoe, anza na za chini ndipo upande juu. Na usivute sigara hapo. Chuma kikioza ndani ya maji hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo hiyo unayoiita hewa inaweza kuwa inashika moto.

Niambie umeona nini darini, halafu tuendelee.

Garage_ya_Ngara

Fundi amesema vizuri lakini mimi naona ni chumvi ya borehole. Maji ya visima Nairobi yanaharibu kila kitu. Dawa yake rahisi: mwaga maji yote, weka kulanti ya gari, ile ya kijani. Barabara ya Kirinyaga utaipata kwa bei ya jumla. Rejeta ni rejeta tu.

Fundi_wa_Dagoretti

Hapana jamani. Nitajibu hili kwa heshima kwa sababu najua limetoka kwa mtu anayependa kusaidia.

Visima vya Nairobi vinajulikana kwa floridi, ndiyo hiyo inayowageuza watoto meno kuwa ya kahawia. Haizibi rejeta. Na hata maji yangekuwa na chokaa kiasi gani, mfumo uliojazwa mara moja ukafungwa unaweka chokaa kidogo tu, kisha inaisha kwa sababu hakuna nyingine inayoingia. Ukiona gamba nene ndani ya boila, ujue kuna mahali maji yanavuja na mapya yanaingia kila siku. Tunarudi kwenye mlango uleule.

Kulanti ya gari ina glikoli, iliyowekwa hasa ili maji yasigande kwa barafu. Karen hakuna barafu ya kupasua bomba. Glikoli ni nzito kidogo kuliko maji na hubeba joto kidogo kuliko maji, kwa hiyo utakuwa umeifanya pampu ifanye kazi zaidi kwa faida ndogo. Isitoshe ile ya kawaida ni sumu ikinywewa, na tangi la darini huwa jirani na tangi la maji ya kupikia. Boya moja likikorofisha, umewalisha wazee sumu. Tafuta dawa ya kutu iliyotengenezewa mifumo hii hasa. Kuna za Fernox na Sentinel, majina ya Uingereza. Hapa mara nyingi utalazimika kuagiza, au umwombe mtu anayekuja.

Garage_ya_Ngara

Nimekuelewa mzee. Hiyo ya sumu sikuifikiria.

Kitinda_Mimba_Karen

Mzee wangu, nimepanda darini leo na shemeji yangu. Nilifikiri nitakuta popo, nimekuta mengine.

Tangi dogo lilikuwa na maji ya kimo cha vidole viwili hivi, chini ya mdomo wa bomba linaloshuka. Boya limeganda juu, kama tangi limejaa. Nililisukuma kwa mkono, likalia, maji yakaanza kuingia. Maji yaliyokuwemo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mgao wetu ni siku chache kwa wiki, na kweli mwezi uliopita tulikaa muda bila maji kabisa, tukaagiza boza.

Karatasi ya chooni ilinyonywa! Shemeji alipiga kelele kama ameona nyoka. Hiyo ilikuwa kabla ya kujaza tangi. Baada ya kujaza na kutoa hewa zote nne za juu, haikunyonywa tena. Bomba lililopinda halimwagi kitu, ila tukiwasha linatoa mvuke kidogo. Boila tumeiweka 90, ndiyo namba ya mwisho kwenye kile kitufe.

Chumba cha wageni ulikuwa mchezo wa kipini, ulivyosema. Mafuta kidogo na subira, sasa rejeta inapata joto.

Nilichota maji ya rejeta ya mzee kwenye kikombe. Meusi ti. Nikaweka sumaku ya mlango wa friji chini ya kikombe, weusi wote ukakusanyika hapo. Na jambo jingine: stoo kwenyewe, bomba linalorudi kwenye boila, kuna kipande kirefu cha PPR ya kijani. Mwenye nyumba anasema la chuma lilitoboka miaka michache nyuma, fundi akabadilisha. Ina maana yoyote?

Fundi_wa_Dagoretti

Ina maana kubwa, na nashukuru umeitazama.

Tuanze na 90. Hiyo namba imepangwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko mita karibu 1,800 juu, na huku maji huchemka yakifika nyuzi kama 94, hayangoji 100. Themostati hizi za zamani nazo hupotoka nyuzi kadhaa kwenda juu au chini. Ukiweka 90, ndani ya boila kuna sehemu maji yanachemka kabisa. Ndiyo mvuke uliouona, na kama unasikia boila inanguruma kama birika, ni hiyo hiyo. Mvuke ukitoka, maji yanapungua, tangi linaongeza mapya, mapya yanaleta oksijeni, oksijeni inakula chuma, chuma kinakuwa matope. Shusha hadi 70. Utashangaa nyumba haitapoa kwa sababu hiyo, maana joto litafika mbali zaidi likishapata njia.

Hiyo 70 ni kwa ajili ya PPR pia. Bomba la aina hiyo, hata lile la kiwango cha maji moto, halipendi kuishi juu ya nyuzi 70. Ukitaka kujua kama aliyeliweka alijali, soma maandishi ubavuni: PN20 ni la maji moto, PN10 ni la baridi. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hapa hawajalijua, kwa sababu kwenye maji ya kuoga halina madhara. Ukuta wa plastiki ya kawaida hupitisha oksijeni kidogo kidogo, kutoka nje kuingia kwenye maji, hata kama haidondoshi tone. Kwenye bafu hakuna anayejali. Kwenye mfumo wenye rejeta za chuma na maji yaleyale miaka yote, hiyo ni chakula cha kutu kila siku. Kipande kifupi hakiwezi kuleta matope yote hayo. Tangi kavu na hewa ya kila wiki ndivyo washtakiwa wakuu. Lakini ukipata nafasi, weka shaba hapo, au ile PPR yenye tabaka la aluminiamu ndani.

Sasa rejeta ya mzee. Itolewe ukutani ikaoshwe nje. Kazi ya watu wawili, maana ikiwa na matope ni nzito kuliko inavyoonekana. Zima boila, iache ipoe. Funga koki ya mkono upande mmoja. Upande wa pili kuna koki yenye kofia ya plastiki; vua kofia, funga kwa spana ndogo na uhesabu ni mizunguko mingapi mpaka ifungike, uandike ukutani kwa penseli. Hesabu hiyo utaihitaji ukiirudisha. Tandika magazeti na nguo kuukuu mpaka mlangoni, karai chini, legeza nati moja, kisha fungua skrubu ya hewa juu ili maji yashuke. Kabla ya kuinyanyua, ziba matundu yote mawili kwa kitambaa. Maji hayo yakigusa zulia, doa halitoki, na mama yako hatakumbuka kwamba ulikuwa unamsaidia.

Nje, iegemeze, ingiza mpira wa maji tundu moja, kisha geuza tundu la pili, huku mwenzako akiigonga kwa nyundo ya mpira. Utaona yanatoka kama oili chafu. Endelea mpaka maji yawe meupe na zaidi kidogo. Tazama pia sehemu ya chini ya bati: ukiona vidoa vya kutu vinavyotoka ndani kuja nje, rejeta hiyo siku zake zimehesabika, na kuosha kunaweza kufungua kitobo kilichokuwa kimezibwa na uchafu. Usilaumu mpira.

Ukishairudisha ndipo uende kwenye lile la sebuleni kupata moto kwanza. Kwa hili watu hununua pampu, na dawa yake ni spana ndogo. Maji hupenda njia rahisi. Rejeta ya sebuleni iko karibu, koki zimefunguka zote, maji yanaingia na kurudi stoo kabla hata hayajakumbuka kwamba kuna ghorofa. Unatakiwa kuibana.

Fungua koki zote za rejeta zote hadi mwisho, pande zote mbili, na vichwa vya themostati uviweke namba ya juu kabisa. Anza asubuhi nyumba ikiwa baridi. Washa, kisha tembea nyumba nzima ukigusa, uandike ipi inaanza kupata moto, ipi inafuata, mpaka ya mwisho. Nina hakika ya kwanza ni sebuleni na ya mwisho ni ya mama. Halafu zima, acha ipoe, washa tena. Ile ya kwanza ifunge koki ya kofia kabisa, kisha uifungue robo mzunguko tu. Subiri ipate moto, shika bomba linaloingia na linalotoka. Linalotoka lipoe kidogo kuliko linaloingia. Kwa boila za zamani kama hiyo hulengwa tofauti ya nyuzi 11 au 12. Ukiwa na vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba ni bora, ila mkono uliozoea unatosha. Kama mabomba yote mawili yako sawasawa kwa moto, bana zaidi. Kama la kutoka ni baridi, legeza. Nenda ya pili, ukibana kidogo kuliko ya kwanza, na ya tatu, hivyohivyo, mpaka ya mama ambayo utaiacha wazi kabisa. Usiwe na haraka. Kila ukigusa moja, nyingine zinajibu, na rejeta za chuma hujibu polepole.

Ila kwanza hakikisha kila rejeta ina mabomba mawili tofauti, la kwenda na la kurudi. Kuna nyumba za zamani zenye bomba moja tu linalozunguka, kila rejeta ikinywa na kurudisha humohumo. Hizo za mwisho zitakuwa baridi kidogo daima, utake usitake, na kubana kwake ni kwingine.

Na pampu, kama bado una wasiwasi nayo: weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wake na mpini kwenye sikio. Ikizunguka utaisikia ikivuma laini. Ikikwaruza au ikitoa sauti ya kokoto, ina hewa au matope. Zima stima kwenye soketi, fungua ile skrubu kubwa ya katikati ya uso wake, yatatoka maji kidogo, ndani utaona ncha ya mhimili yenye mfereji. Izungushe kwa bisibisi bapa. Ikizunguka bila kukaza, iache iendelee na maisha yake.

Njeri_Leicester

Naingilia kwa sababu naishi Uingereza na huku kila nyumba ina hizi kitu. Kitinda Mimba, ukitafuta video utakuta nyingi za huku zinakuambia uangalie geji ya presha, iwe kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi, na uongeze maji kwa kipaipu cha kujazia. Hiyo ni mifumo iliyofungwa, isiyo na tangi darini. Usitafute geji, yako haina. Zimenichanganya mimi mwenyewe nilipohamia nyumba ya zamani yenye tangi kama lenu.

Na kuhusu dawa ya kutu, huku ni jambo la kawaida. Fundi akimwaga maji ya mfumo lazima aiweke tena akijaza. Mimi naja Desemba, nikibebeshwa lita moja sioni tatizo, itakaa kwenye sanduku kubwa.

Pia huku siku hizi wanafunga chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi, karibu na boila. Unalifungua mara moja kwa mwaka, unafuta weusi, unafunga. Kwa kuwa bado mna matope mengi, lingewafaa.

Jirani_wa_Lenana

Mimi nimekuja kucheka rejeta, sasa najua koki ya kofia.

Kitinda_Mimba_Karen

Habari zenu. Naleta matokeo.

Boya jipya nimeweka, lile la zamani lilivunjika mkononi. Boila iko 70, mvuke hakuna tena na ule mngurumo umeisha. Kifunguo cha skrubu za hewa nilichongewa Kamukunji na kijana wa jua kali, tundu la mraba la milimita tano, bora kuliko plaiz niliyokuwa nikitumia.

Rejeta ya mzee tuliiosha uani. Mzee mwenyewe alitoka na kiti akakaa kusimamia, akitoa maelekezo ambayo hayakuhitajika. Uchafu ulijaza karai. Sasa inapata moto vizuri isipokuwa sehemu ya chini yenye upana wa kiganja, hapo bado baridi. Vidoa vya kutu kwa nje sikuona.

Kubana ndiko kumenila muda, lakini hapo ndipo nimeona tofauti. Mabomba ni mawili, nilihakikisha. Sebuleni ilibidi niibane zaidi ya robo mzunguko, karibu kufunga. Sasa ya mama inapata moto ndani ya nusu saa, juu hadi chini, na asubuhi hii hakuitaka ile hita ya stima. Hewa haijarudi. Pampu ni ileile, kwenye kasi ileile ya kati.

Dada Njeri, nitakuandikia faraghani kuhusu hiyo lita moja, Mungu akubariki. Mzee wangu, nina maswali mawili tu. Hicho kiganja cha baridi kwenye rejeta ya mzee nifanyeje? Na ile PPR ya stoo naibadilisha sasa au nisubiri?

Fundi_wa_Dagoretti

Kiganja hicho kiache kwa msimu huu. Matope yaliyoshikamana chini hulainika mfumo ukifanya kazi, ukiiosha tena baridi ikiisha yatatoka kwa urahisi zaidi. Kama hayatatoka, rejeta bado inatoa joto la kutosha, na mzee ana sweta.

PPR subiri mpaka mtakapomwaga maji ya mfumo mzima, hiyo Desemba dawa ikifika. Badilisha bomba, funga na chujio la sumaku hapohapo kwenye bomba la kurudi, jaza, kisha tia dawa kupitia tangi la darini. Ukitia dawa sasa halafu umwage Desemba, umemwaga pesa. Na siku hiyo funga maji yanayoingia tangi dogo kabla ya kukata bomba, kwa kufunga koki yake au kulifunga boya kwa kamba juu ya ubao. Vinginevyo utakuwa unamwaga stoo huku darini kunajaza.

Kitinda_Mimba_Karen

Nimeandika yote. Yule fundi wa pampu amepiga simu leo kuuliza kama nimeamua. Nimemwambia asante, tumeshapata joto.